Jina la Samaki wa Fisksätra

Katika jiko la hospitali alimofanya kazi rafiki yetu Mganda, samaki waliletwa kwenye maboksi meupe yenye neno moja refu ubavuni: regnbågslax. Kwa Kiswidi hilo ni maneno mawili yaliyogandana, "upinde wa mvua" na "samoni". Wapishi hawana muda wa maneno marefu. Walisema lax tu, samoni. Toa lax. Lax imeisha. Mganda, ambaye Kiswidi chake chote cha vyakula alikiokota humo jikoni, akatoka na imani kwamba yule samaki ni samoni. Imani hiyo aliibeba hadi kwenye gati la Fisksätra, na hapo ndipo alipokabana na Mtanzania.

Tulikuwa watatu, jijini Stockholm, katikati ya miaka ya themanini. Jumamosi asubuhi mimi nilitoka Vällingby, Mganda alitoka Norsborg, upande wa pili kabisa wa jiji, tukakutana Slussen na kupanda Saltsjöbanan, ile treni fupi inayopita pembeni mwa maji kama inayochungulia. Mtanzania hakuwa na safari. Alikaa pale pale Fisksätra, ghorofa ya juu, na kutoka kwenye roshani yake aliweza kuona kama gatini kuna nafasi. Yeye alikuwa fundi wa lifti. Alikuja Malmö kusomea ufundi huo, akapata kazi Stockholm, akasahau kurudi. Mganda alikuwa mwalimu kwao, kabla ya kukimbia. Mimi nilipanga barua posta, sikuvua sana, nilileta chai ya tangawizi na maandazi, na nilipenda kusikiliza.

Samaki tuliyemgombania alikuwa na historia yake. Visiwani, nje ya jiji, watu walikuwa wakifuga regnbåge, samaki yule yule wa maboksi, kwenye vizimba vya wavu ndani ya bahari. Dhoruba ikija, wavu unachanika, samaki wanatawanyika. Wakishakaa baharini wakila vya huko, ule mstari wao wa waridi ubavuni unafifia, wanakuwa fedha tupu, wananenepa, kisha wanaanza kupanda kwenye mikondo na mito kama waliozaliwa humo. Wengine walipita mbele ya gati letu. Ukimvua mmoja, watu wote gatini wanakuja kutazama, na kila mmoja ana jina lake.

"Huyu ni trauti," Mtanzania alisema mara ya kwanza. Alikulia miteremko ya Kilimanjaro, na mtoni kwao Wazungu walikuwa wamewahi kumwaga vifaranga wa samaki huyo. Huko kila mtu alimwita trauti. Hapa aliwaambia Waswidi "regnbåge" na kwetu sisi "trauti", na hakuona shida yoyote katika hilo.

"Hii samaki ni lax," Mganda alisema.

"Kwanza sema 'huyu samaki', halafu tubishane jina."

"Hii samaki," Mganda alirudia taratibu, "ni lax. Imeandikwa kwenye boksi. Regnbågs-lax. Kwa Kiswidi jina lenyewe liko mwisho wa neno, ndugu yangu. Mbele ni mapambo tu."

Ilikuwa hoja nzuri, ya kimwalimu. Nilimwona Mtanzania akitafuna andazi kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Waswidi wanamwitaje kiboko?" akauliza hatimaye.

"Flodhäst."

"Häst ni nini?"

"Farasi."

"Farasi wa mtoni. Na liko mwisho wa neno. Haya, kampande."

Mganda alicheka hadi fimbo yake ya kuvulia ikagonga maji. Lakini hakukubali. Jumamosi iliyofuata alikuja na hoja mpya, na Mtanzania akamjibu kwa popo, ambaye kwa Kiswidi ni panya wa kupepea. Hivyo ndivyo vuli ile ilivyokwenda.

Gatini palikuwa na mzee mmoja Mswidi aliyezaliwa Skåne, kusini kabisa mwa nchi, ambaye baada ya maisha yake yote ya kazi Stockholm bado alizungumza kama ana kiazi cha moto mdomoni. Mimi na Mganda tuliambulia neno moja katika matatu. Mtanzania, kwa sababu ya miaka yake ya Malmö, huko huko Skåne, alimwelewa vizuri, na ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Kwa mzee yule kila samaki wa fedha aliyetoka baharini alikuwa börting, jina la kwao kusini la trauti wa bahari wa kienyeji. Alimtazama samaki, akatoa hukumu, "börting", akarudi kwenye kiti chake cha kukunja. Alipoambiwa na watu wa Stockholm kwamba yule ni mfugo uliotoroka, alisema börting wanajua kujificha.

Siku moja mzee alikuwa na la ziada. Alizungumza na Mtanzania kwa kirefu, akionyesha kidole mara kwenye maji, mara upande wa Mganda, ambaye wakati huo alikuwa anafungua ndoano iliyonasa.

"Anasemaje?" Mganda akauliza.

"Anasema kichwa cha chuma."

Mganda akaacha ndoano. "Nani?"

"Anayekwenda akarudi."

"Mimi ndiyo nilikwenda nikarudi. Si nilikwenda dukani sasa hivi kununua chambo?"

"Sikiliza basi, bwana..."

"Mwambie huyo mzee, mimi nilifundisha hesabu darasa la saba. Kichwa cha chuma! Bannange!" Akabeba ndoo, fimbo na kiti chake, akahamia ncha ya mbali ya gati, akatupa mgongo.

Ilibidi niende mimi na kikombe cha chai kumweleza kwamba huko Amerika regnbåge aliyekwenda baharini akarudi mtoni ana jina lake, na kwa Kiswidi wavuvi hulitafsiri stålhuvud, ambalo kwa Kiswahili ni hicho hicho kichwa cha chuma. Mzee alikuwa anajaribu kuwapatanisha kwa kuleta jina la nne. Mganda alikunywa chai yote kwanza.

"Kwa hiyo hata huko Amerika haiitwi trauti," akasema.

"Haiitwi."

"Basi kwa sehemu nimeshinda." Akarudisha kiti mahali pake.

Nilidhani ni mchezo tu, mpaka mama mkwe wake alipofika kutoka Uganda.

Hapa lazima nieleze mambo mawili. La kwanza, kwao Mganda mkwe na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani, na mama mkwe hamtaji mkwe wake kwa jina. Hiyo ni heshima, na kijijini, penye nyumba kadhaa na uwanja, haimsumbui mtu. Norsborg ilikuwa fleti ya vyumba viwili na jiko, na korido nyembamba ambayo watu wawili hawapishani bila kugusana. Mganda akitaka kwenda chooni, ilibidi mkewe apige ukelele wa kuonya. Mama mkwe akitaka maji, mkwe alipiga mbio chumbani kama mwizi. Hatukuhitaji kuuliza kwa nini siku hizo alikuja kuvua hata Jumatano.

La pili lilikuwa zito zaidi. Kwa miaka yote ya ukimbizini, simu zikiwa shida, familia ilitumiana kaseti. Mke alizungumza, watoto wakaimba, na mwishoni Mganda, ambaye kwa kaseti aliruhusiwa kusema na mama mkwe wake kuliko angeruhusiwa ana kwa ana, aliongeza salamu zake. Humo ndimo alimoahidi. Mama, siku ukifika huku, nitakuvulia samoni kwa mikono yangu. Aliahidi hivyo mara nyingi, na kila kaseti samoni aliongezeka urefu. Kijijini walikuwa wamesikiliza pamoja, nyumba nzima na majirani. Kwa mama mkwe, ambaye binti yake alichukuliwa akapelekwa kwenye baridi na mtu asiye na ng'ombe hata mmoja, samoni huyo ndiye alikuwa ushahidi kwamba mkwe ni mwanamume anayeweza kulisha.

"Sasa yuko jikoni kwangu," Mganda alituambia, "na kila siku anamwuliza mke wangu, samoni iko wapi."

"Si ununue dukani?" nikasema.

"Nilisema kwa mikono yangu, dada. Watu walisikia."

 Mtanzania akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia lakini hawezi kujizuia, "Na ukipata trauti?"

"Nitapata lax," Mganda akajibu, na safari hii hakucheka.

Alimpata Jumamosi ya mwisho kabla ya mama kuondoka. Upepo ulikuwa wa kaskazini, gati limelowa. Kile kijiko cha bati alichotumia kama chambo kilizama, fimbo ikapinda kama inayoinama kusalimia, na mshipi ukaanza kukimbia upande wa daraja. Mtanzania aliacha fimbo yake mwenyewe ikaanguka, akashika wavu wa mkono na kulala kifudifudi kwenye mbao. Walibishana muda wote wa kumvuta. Legeza. Nimelegeza. Hujalegeza, bwana mkubwa, legeza! Alipoingia wavuni tuliona ubavu wa fedha, mpana kama kibao cha kukatia mkate, mkubwa kuliko samaki yeyote tuliyewahi kumwona akitoka pale.

"Lax!" Mganda akapiga kelele. "Lax!"

Na ndivyo alivyosikika na mkaguzi wa uvuvi.

Alikuwa mwanamke kijana mwenye koti la kijani, aliyekuwa akipita kwenye magati yote ya upande ule. Hakuwa mkali. Alitusalimia, akamtazama samaki aliyekuwa bado ndani ya wavu, wavu ndani ya maji, akatuonyesha kwa kidevu kibao kilichopigiliwa mwanzoni mwa gati. Tulikuwa tumekipita vuli nzima. Kilisema kwamba katika kipindi kile samoni na trauti wa bahari wa kienyeji wanarudishwa majini, maana wako njiani kwenda kutaga. Regnbåge, ambaye ni mfugo uliotoroka, anachukuliwa.

"Kwa hiyo umevua nini?" akamwuliza Mganda. "Nimesikia lax."

"Börting," mzee wa Skåne akasema kutoka kwenye kiti chake, bila kuulizwa.

"Regnbåge," akasema Mtanzania.

Mkaguzi akatutazama mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anajua tangu mwanzo. Alikuwa amesimama juu ya wavu na ana macho. Lakini kazi yake ilikuwa na utaratibu wake. "Namwuliza aliyevua," akasema. "Mvuvi lazima ajue ameshika nini. Asiyejua, anarudisha."

Mganda alikuwa amepiga magoti, kapokea mpini wa wavu kwa mikono miwili. Nilimwona akiangalia samaki, kisha maji, kisha Mtanzania. Akisema lax, samaki anaondoka, na mama mkwe anapanda ndege bila kuona hata mwiba. Akisema lile neno jingine, samaki anabaki, lakini samoni wa kaseti zote zile amekufa, na amekufa mbele ya Mtanzania.

"Regnbåge," akasema.

"Umejuaje?"

Hapo ndipo niliposhangaa. Aliinua samaki kidogo ndani ya wavu, akaukunjua mkia kwa kidole gumba, na kwa Kiswidi cha kimwalimu, kilichonyooka, akaeleza kwamba mkia wa huyu una madoadoa mpaka ukingoni, ilhali mkia wa lax hauna. Kwamba mstari wa waridi ubavuni haupotei wote, ukimgeuza kwenye mwanga utauona. Kwamba mapezi yamesagika kidogo kwa sababu ya kukaa kizimbani. Yote hayo yalikuwa maneno ya Mtanzania, neno kwa neno, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Vizuri sana," mkaguzi akasema, akatutakia siku njema, akaenda zake.

 Kisha Mtanzania, akiwa bado kifudifudi na mikono imelowa mpaka mabegani, akaazima "bwana" ya Kiganda:

"Sema tena, ssebo. Upepo umenipita sikioni."

"Nitakutupa majini."

"Sema mara moja tu, dada naye asikie."

"Nitakutupa wewe, nimrudishe yeye."

Tulikwenda Norsborg wote watatu, samaki akiwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa gazeti, mkia umechomoza nje. Ndani ya treni, kuanzia Slussen hadi mwisho wa mstari mwekundu, Mganda alizungumza mara moja tu.

"Mke wangu atasema ni samoni. Nyinyi mtanyamaza. Sawa?"

"Mimi sijasema kitu," Mtanzania akajibu.

"Nakufahamu."

Mkewe alitupokea mlangoni, akapiga ule ukelele wake wa kuonya, na Mganda akajipenyeza hadi chumbani akaacha mlango wazi kidogo. Sisi tuliingia jikoni. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi mwenye gomesi, lile gauni refu la Kiganda, la rangi ya machungwa na sweta mbili juu yake. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kichache lakini cha nguvu. Aliondoa gazeti, akamtazama samaki kuanzia kichwani hadi mkiani, akamgeuza, akamtazama upande wa pili.

"Hii ndiyo samoni?" akauliza.

Mkewe Mganda alitutazama. Mimi nilitazama sufuria. 

"Ndiyo, mama," akasema Mtanzania. "Samoni wa huku. Mkubwa hivi sijawahi kuona."

Alisema bila kucheka na bila kumeza mate, mtu aliyeleta kiboko na popo kwenye gati ili asilazimike kusema neno hilo. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. Mambo yangeishia hapo, na yangeishia vizuri. Lakini mlango wa chumbani ukalia.

"Mwambieni mama," ilisema sauti ya Mganda kutoka gizani, "hii samaki si samoni."

Kwa mara ya kwanza Mtanzania hakumsahihisha.

"Samoni nilisema kwa kutojua. Kazini wanaiita hivyo. Leo nimeambiwa niseme jina lake, nimesema. Ni regnbåge. Lakini nimeivua kwa mikono yangu. Hilo ni kweli."

"Anasema nini?" mama mkwe akamwuliza binti yake, maana kwa desturi hakuweza kumwuliza mwenyewe.

"Anasema si samoni, mama. Ni regnbåge."

"Ni nini?"

Binti akakata neno vipande ili limwingie. "Reng'. Boge."

"Mboga?"

 Mama mkwe akamtazama tena samaki, mdomo wake wenye meno, jicho lake la duara. "Mboga," akasema. "Mimi nimepanda ndege mara mbili. Huku mboga zenu zina macho?"

Aliyeanza kucheka ni Mganda, huko chumbani, peke yake, kicheko kilichogonga kuta za korido. Kisha mkewe. Mtanzania aliegemea friji akajifuta machozi kwa mkono ambao bado ulinuka samaki. Mama mkwe alisubiri tumalize, akavua sweta moja, akakunja mikono ya nyingine na kuomba kisu.

"Basi," akasema, "leteni chumvi, tupike mboga."

Alimpika kwa njugu na nyanya. Tulikula jikoni, na Mganda alikula chumbani, mlango ukiwa wazi kiasi cha sahani kupita. Katikati ya chakula mama mkwe alichagua kipande cha tumbo, kile chenye mafuta, akakiweka kwenye kisahani pembeni. Wiki zote zile alikuwa akimwita mkwe wake "yule", au alielekeza tu kidevu upande wa chumbani, kwa kuwa jina lake halikuruhusiwa mdomoni mwake. Safari hii alimkabidhi binti kisahani na kusema, "Mpelekee Mboga."

Aliondoka juma lililofuata. Baada ya miezi kadhaa ikaja kaseti, na Mganda akaileta Fisksätra pamoja na redio ya betri, akaiweka juu ya ndoo. Tulisikia kuku, mvua kwenye bati, watoto wakisukumana, halafu sauti ya mama ikisalimia mmoja mmoja: binti, wajukuu, yule fundi mrefu, yule dada wa chai. Mwishoni akauliza kama Mboga hajambo, na kama bado anakwenda majini, na akasema kijijini amewaeleza watu wote ukubwa wake. Hatukujua kama ni ukubwa wa samaki au wa mkwe. Mtanzania alirudisha mkanda nyuma tusikie tena sehemu hiyo, na tena, hadi mzee wa Skåne akauliza neno lile lina maana gani.

Mtanzania akamtafsiria.

Mzee alifikiri, akaangalia maji upande wa daraja. Akasema kila nchi ina mambo yake, lakini kwa maoni yake yule alikuwa börting.